Faini ya Jina la Nyumbani

Watu waliopita mikononi mwa Mama Mlezi watakwambia alikuwa mkali. Mimi nasema hawakumwangalia vizuri. Mtu mkali unamkimbia. Yeye tulimwogopa, na bado kila Jumamosi baada ya mafundisho tulisukumana tupate nafasi kwenye mkeka, karibu na magoti yake, kwa sababu huko ndiko masimulizi yalikoanzia. Alikuwa mlezi wa wasichana katika parokia yetu, na kazi hiyo ikawa jina lake. Hata watoto wa majirani zetu Waislamu, ambao hakuwalea, walimwamkia hivyo: shikamoo, Mama Mlezi. Alijibu marahaba bila kugeuza kichwa, kisha akauliza umekula nini, na jibu lisipomridhisha ulipelekwa jikoni kwake.

Simwoti. Ninayemwota ni mtu mwingine, nitamfikia. Mama Mlezi hunijia mchana kweupe, nikiwa nakunja nguo au nachambua mchele, na hunijia kama alivyokuwa: mfupi, mpana, kitambaa cheupe kichwani, na kifuani upande wa moyo safu ya pini saba. Pini zile hazikuwa pambo, zilikuwa kwa ajili yetu. Zipu ikikatika kanisani, kifungo kikidondoka, au siku zako zikikukuta huna maandalizi, ulikwenda ukasimama mbele yake tu. Hukuhitaji kusema. Mkono ulipanda kifuani, pini ikatoka, mambo yakafungwa yalivyofungika, na Misa ikaendelea.

Kijiji chetu kilikuwa pwani, mwendo wa asubuhi moja kwa baiskeli kutoka Lindi mjini. Wakristo tulikuwa wachache, karibu wote wajukuu wa watu walioteremka kutoka uwanda wa Makonde kufuata kazi za mkonge. Mkonge ulikufa, sisi tukabaki. Tulijenga nyumba zetu zikiipa bahari kisogo, tukalima mihogo na ufuta, na katika ukoo wetu wote hapakuwa na mtu aliyejua kuogelea. Mama Mlezi alikuwa hivyohivyo. Aliishi hatua mia mbili kutoka majini na sikumwona hata mara moja akilowesha nyayo.

Miaka ile kila kitu kilikuwa kinafunguliwa. Duka lililokuwa na chumvi na viberiti tu likajaa sabuni za rangi na mafuta ya kujipaka yenye picha za wanawake weupe. Mitumba ilikuja kwa marobota, ikamwagwa chini siku ya gulio, na sisi tukawa tunainama humo mpaka viuno vinauma. Mama Mlezi hakununua nguo ya mtumba hata moja, lakini hakukosa gulio. Kazi yake ilikuwa kukagua tunachochagua. Alishika gauni, akaligeuza, akatazama kwapani na kwenye mishono, kisha akatusomea habari za aliyelivaa.

"Liache hili. Mwenyewe alikuwa mtu wa kuegemea kila mahali. Tazama viwiko."

"Mama Mlezi, viwiko vitashonwa."

"Viwiko vitashonwa, uvivu utabaki."

Tulicheka, na gauni tukalirudisha chini. Sijui kama aliamini maneno yake. Nadhani alitaka tu tujue kwamba kila nguo ina mtu, hata ukiipata kwa bei ya kutupa.

Halafu likaja banda la video. Mfanyabiashara mmoja alileta jenereta na televisheni, akazungushia makuti, akaanza kuonyesha picha za mapigano kila Jumapili mchana. Padre alilikemea madhabahuni. Mama Mlezi hakukemea. Alilipa kiingilio kama mtu yeyote, akaingia na rozari yake, akaketi mstari wa mbele kati ya vijana wa kiume waliokuwa hawajui waiweke wapi mikono yao, akatazama mpaka mwisho. Jumamosi iliyofuata akatuhadithia yote.

"Mwanamume amepigana na watu thelathini na hajatoka jasho," alisema. "Msichana akamwona, akamfuata. Ninyi mtamfuata mtu asiyetoka jasho?"

Mwaka mzima baada ya hapo, kijana tuliyemtilia shaka tulimwita kwa maneno hayohayo: yule hatoki jasho. Kuna mmoja nilimpenda kidogo, akapita mbele yetu na shati lake jipya, Veronika akaninong'oneza maneno hayo, na mapenzi yakaisha palepale.

Katika hali yake mambo mengi hayakupatana, na yeye hakuhangaika kuyapatanisha. Alitufundisha mambo ya ndoa na mwenyewe alikuwa ameiacha ndoa yake akiwa na umri mdogo. Ukimuuliza sababu alikwambia chungu chake hakikupata mfuniko, kisha akakupa kazi. Alituzuia kwenda ngomani, na kwenye harusi za majirani yeye ndiye aliyeitwa ngoma ikipooza. Mwezi wa Ramadhani hakuwasha moto mchana, ingawa hakuna aliyemwomba. Alisema si adabu kumtia mwenzio moshi wa mchuzi puani wakati amefunga. Rafiki yake mkubwa alikuwa kungwi wa upande wa Waislamu, bibi mrefu mwenye sauti ya kukwaruza, aliyewafunda wasichana wa kwao. Wawili hao walikuwa na ngoma moja waliyoazimana, na ngoma ile ilivuka njia mara nyingi kuliko Padre na shehe.

Ngoma ilihitajika kwetu pia, kwa sababu tulikuwa na unyago wa kanisa. Wazee wetu waliteremka pwani na unyago wao. Mapadre wa zamani waliupiga vita, wakashindwa, wakapatana nao nusu kwa nusu. Kwa hiyo likizo ya Desemba, kabla ya kipaimara, wasichana tuliofikia umri tulilala wiki mbili katika ukumbi wa parokia. Asubuhi katekista alitufundisha sakramenti. Mchana katekista alitolewa nje, mlango ukafungwa, na Mama Mlezi akawa kungwi. Yaliyosemwa humo siyasemi. Nitasema tu kwamba hakuna kitabu kilichowahi kuniambia ukweli mwingi hivyo kuhusu mwili wangu, na hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwa heshima hivyo.

Siku ya mwisho tulitoka tukiwa wali, wasichana waliokwisha kuchezwa unyago, katika kanga mpya, vichwa vimeinama, na kila mmoja alikuwa na jina jipya. Jina lenyewe alilichagua Mama Mlezi, na ndilo Askofu alilolitamka katika kipaimara. La nyumbani, lile ulilopewa na bibi yako ukiwa unatambaa, lilibaki ukumbini. Kwetu kumwita mtu aliyechezwa kwa jina la utoto ni kumtukana. Hilo Mama Mlezi hakulibuni yeye. Alichobuni ni faini. Anayeita jina la zamani atamchotea maji ndoo mbili kwa siku saba kutoka kisima cha bondeni, na anayeitikia atachota siku saba vilevile.

"Anayeita amekosa adabu," alisema. "Anayeitikia amejisahau. Kwangu mimi anayejisahau ndiye mbaya zaidi."

Veronika lilikuwa jina jipya la rafiki yangu. La zamani nalijua kuliko ninavyolijua langu, lakini silitaji. Lilikuwa jina fupi la Kimakonde, la kumwitia mtu aliye mbali. Ukuta wa nyumba yao ulikuwa ndio ukuta wa nyumba yetu, na tangu tukiwa na miaka sita nilikuwa nalipitisha juu ya ukuta ule kila asubuhi, naye anaitika kabla sijamaliza. Alikuwa mrefu kunizidi, mwenye mwanya, anayecheka kwa mabega bila kutoa sauti. Tulikuwa tumeahidiana kwenda sekondari pamoja, kwa masista, tukatandike vitanda vyetu jirani. Karo ilikuwa imerudi mashuleni na kila mtu alijua kwamba nyumba moja haiwezi kusomesha wote, lakini sisi tulikwishapanga nani atalala upande wa dirisha.

Sasa, wasichana wa miaka kumi na minne ukiwapa sheria, umewapa mchezo. Siku mbili hazikupita kabla hatujaanza kunasana. Ufundi ulikuwa kuita bila kuonekana. Unajificha nyuma ya ukuta wa kanisa, au unazamisha kichwa katikati ya kwaya, unatupa lile jina la zamani, na mwenzio anaitika "Abee" mbele ya Mama Mlezi mwenyewe. Aliyeita hajulikani, aliyeitika anajulikana. Mimi nilikuwa hodari wa mchezo huo kuliko wote. Katika wiki ya kwanza nilimnasa Veronika mara mbili. Mara ya pili alikuwa ameshika bakuli la sadaka, akageuka na "Abee" yake ikajaa kanisa zima.

Mama Mlezi alijikaza asicheke, akashindwa. "Namjua aliyeita," alisema akijifuta macho. "Ila sikumwona. Wewe siku kumi na nne, mwanangu. Maji."

Jioni ile nilimsaidia Veronika kubeba ndoo moja, ingawa haikuruhusiwa. Shingo ilikuwa inamuuma na alikuwa amenuna kwa kweli. Njiani akasema, "Hunipati tena." Nikamwambia tutaona.

Nimefika mahali ambapo kwa miaka mingi nilisimulia vizuri sana. Nina simulizi ya kuwapa watu, laini, haina ncha. Leo nataka kusimulia ile nyingine.

Wanunuzi wa mwani walikuwa wamefika pwani yetu mwaka mmoja kabla. Waligawa kamba na mbegu, wanawake wakapanda katika maji mafupi, na wakati wa bamvua, bahari inapokupwa mbali, kijiji kizima cha kike kilikuwa kule kwenye vigingi. Parokia nayo iliwapa wasichana kamba kadhaa, zisaidie karo. Mama Mlezi alitusimamia kutoka mchangani, amekaa juu ya gunia, amejifunika kanga ya pili kichwani kwa ajili ya jua. Kati ya mashamba ya mwani na nchi kavu kulikuwa na mkondo. Maji yakitoka, mkondo ni wa kuvuka kwa vifundo vya miguu. Maji yakirudi, mkondo ndio unaojaa kwanza, nyuma yako, wakati kule uliko bado yako chini ya magoti na unaona una nafasi. Tulikuwa tumeambiwa. Akipiga makofi na kutuita, tunatoka wote.

Siku ya kumi tangu tutoke ukumbini alipiga makofi, na tukatoka. Veronika alibaki kufunga kamba moja iliyokatika. Alikuwa mtu wa kumaliza kazi. Nilivuka mkondo maji yakiwa magotini, nikageuka, nikamwona amenipa mgongo, ameinama. Upepo ulikuwa unavuma kutoka kwake kuja kwetu. Nikaita. Sikuwa na mchezo wowote moyoni, nataka hilo lijulikane, nilitaka tu atoke. Lakini mdomo wangu ulikuwa na zoezi la miaka minane, na kilichotoka ni jina la nyumbani.

Alilisikia. Niliona mabega yake yakicheka. Hakugeuka. Aliinua mkono wa kulia juu ya bega, akatikisa kidole, hapana, hapana, si leo, kisha akakirudisha kwenye kamba.

Na mimi nikacheka. Nilisimama pale maji yakinipanda mapajani, nikacheka, nikajisemea kweli sasa amekuwa mjanja. Nikamsubiri. Sijui nilisubiri muda gani. Nilipotazama mkondo ulikuwa umebadilika rangi. Ndipo nilipoanza kupiga kelele Veronika, na wengine nyuma yangu wakapokea, na Mama Mlezi akainuka kwenye gunia lake, akashuka mpaka ukingoni, akaita jina lile alilompa yeye mwenyewe, kwa sauti ambayo sijaisikia tena kwa mtu yeyote. Upepo uliturudishia sauti zetu. Mvuvi mmoja alisukuma mtumbwi wake, lakini alikuwa mbali. Veronika aliposimama na kugeuka, alitazama kwanza mkondo, halafu akatutazama sisi. Akaanza kuvuka, kwa sababu hakuwa na la kufanya. Maji yakamfika kiunoni, kifuani, na hakuna aliyemfundisha la kufanya baada ya kifua.

Alionekana kesho yake asubuhi, kwenye mikoko.

Msibani Mama Mlezi alinitafuta. Wanawake walikuwa wamejaa mikekani, yeye akapita katikati yao, akachuchumaa mbele yangu. Macho yake yalikuwa makavu.

"Wewe ulikuwa karibu naye kuliko sote. Ulimwita?"

"Nilimwita, Mama. Hakusikia."

Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelezwa jambo alilokwisha kulijua, akainuka. Nimesema uongo mwingi katika maisha yangu, ule mdogomdogo wa dukani na wa kwa mume. Huu ulikuwa wa neno moja, nao ndio niliozeeka nao.

Baada ya hapo yule Mama Mlezi niliyekuwa nikimweleza hapo juu hakuonekana tena. Faini ilikufa bila kutangazwa. Mwaka uliofuata wasichana wengine waliingia ukumbini, akawafunda, lakini hakumpa mtu jina. Alimwambia Padre kila mmoja achague lake na alitamke mwenyewe mbele ya Askofu. Na yeye mwenyewe hakumwita mtu kwa jina. Hilo lilituchukua muda kulitambua. Ilikuwa "wewe mwanangu", "wewe mwenye kanga ya kijani", "mwambie huyo aliyekaa mlangoni". Alimpita mtoto wa dada yake njiani, aliyemlea mwenyewe, akamwambia "hujambo, wewe". Akiwa na haja na mtu aliye mbali hakupaza sauti. Aliacha kazi yake, akatembea mpaka alipo, akamgusa.

Kwenda kisimani, kanisani, kwa kungwi mwenzake, alizunguka kwa njia ya juu, ya kwenye mihogo, isiyoonyesha bahari, ambayo ni ndefu mara mbili. Kungwi alinisimulia miaka baadaye kwamba walikaa mchana mzima barazani bila kuzungumza, na rafiki yake akawa anatikisa kidogo midomo. Kungwi akadhani anasali.

Miaka sita, kila nilipokuwa nyumbani, tulisali kanisa moja, mara nyingi benchi moja. Nilimwona akipungua. Nilimwona anapoteza usingizi. Alisinzia wakati wa mahubiri, akashtuka, akatazama huku na huku kama aliyeitwa. Watu walisema ni uzee, na mimi nikakubali upesi kwamba ni uzee, maana lilikuwa jibu zuri kwangu. Sekondari nilikwenda peke yangu. Kwenye kitanda cha jirani, cha upande wa dirisha, alilala msichana mwingine, na sikumsemesha muhula mzima. Nilipomaliza shule na kurudi, Mama Mlezi alikuwa ameondoka. Alikwenda Nyangamara, kwa watu wa kaka yake, kulima.

Niliolewa Lindi mjini. Nina watoto watatu, na hawajawahi kunisikia nikiwaita kutoka mbali. Wakiwa uwanjani nawafuata. Mume wangu alidhani ni malezi ya kidini, akanisifia kwa ndugu zake. Sikumsahihisha. Ninayemwota ni Veronika, na ndoto yenyewe si ya kutisha. Ameinama, ananipa mgongo, anafunga kamba kwa utulivu, na mimi naogopa kufungua mdomo.

Mwaka juzi nilisikia Mama Mlezi miguu imemgomea. Nikapanda basi, halafu bodaboda, na njia nzima nilikuwa nikiyapanga maneno. Zaidi ya miaka ishirini ilikuwa imepita. Nilimkuta barazani, amekaa juu ya kigoda, miguu imevimba, anabangua korosho. Mpwa wake, mwanamke wa makamo, alinikaribisha na kuniambia kwa sauti ya chini kwamba mgonjwa halali. Anaweza kumaliza siku mbili hajafumba jicho.

"Shikamoo, Mama Mlezi."

"Marahaba." Alinitazama muda mrefu. "Umekuja kuniaga."

"Nimekuja kukuona, Mama."

"Kwa umri wangu ni kitu kimoja. Kaa."

Tukaulizana habari za watoto, za mavuno, za nani kafa. Maneno niliyoyapanga yote yalikuwa yamenitoka. Nilianza kuona kwamba nitaondoka kama nilivyokuja, na nikiri kwamba niliona nafuu. Ndipo yeye alipoanza, bila mimi kumgusa.

"Yule mtoto," alisema. Hatukuhitaji kuulizana yupi. "Nilimpa jina siku kumi kabla. Sikio la mtu halizoei jina kwa siku kumi. Tulisimama pale watu wazima na akili zetu, tunalia Veronika, Veronika, na yeye yuko kwenye kamba yake anadhani anaitwa mwingine. Lile la nyumbani nilikuwa nalo hapa." Alijigusa koo. "Nikalimeza. Padre alikuwa ameshafika mchangani kwa zile kelele, wali wote mnanitazama, na sheria niliiweka mimi. Nikaona haya kuivunja mbele yenu. Ningeliita lile, angegeuka. Kila alfajiri nikiamka naliita, mara moja, ndipo nasali. Lakini nalala vipi?"

Mikono yake haikuwa imeacha kubangua. Mimi ndiye niliyeweka chini korosho niliyokuwa nimeishika.

"Mama, liliitwa."

"Nini?"

"Lile la nyumbani. Nililiita mimi, kabla yenu. Alisikia."

Nikamwambia yote: mabega, kidole, mchezo wetu, nani alikuwa akimnasa kanisani, na kwamba nilicheka. Nilimwambia kwamba lile neno 'hakusikia' ni uongo nilioutunga kwenye mkeka wa msiba. Sikulia. Niliona nikilia nitakuwa namwomba kitu.

Aliacha kubangua. Kisha akauliza taratibu, kitu kimoja kimoja, kama alivyotuuliza katekisimu zamani. Aliinua mkono gani? Wa kulia. Alicheka kweli? Alicheka. Kwa hiyo alijua anaitwa? Alijua, Mama, alijua ni yeye, alifikiri ninamtega.

"Kwa hiyo hata ningeliita," alisema.

"Asingegeuka."

Nikaona uso wake ukilegea. Sijui niseme vipi. Kuna mtu alikuwa amekaza taya miaka ishirini na zaidi, na taya likaachia mbele ya macho yangu. Pumzi ndefu ilimtoka. Na palepale, wakati nafuu yake inaanza, nikaelewa nilichofanya. Nilikuwa nimedhani siri ile ni mzigo wangu, naubeba, namwepushia. Kumbe kilichokuwa kikimla ni jambo ambalo mimi ningelimaliza kwa sentensi moja, Jumapili yoyote, kwenye benchi.

Naye alikuwa amefika hapohapo.

"Tangu lini unalijua hili?"

"Tangu siku ile, Mama."

"Na mimi nilikuwa pale. Miaka sita, napita mlangoni kwenu."

"Ndiyo, Mama."

Alifuta mikono yake kwenye kanga, kidole baada ya kidole, mpaka mafuta ya korosho yakaisha. Alipozungumza sauti yake haikuwa na hasira, nami ningeshukuru kama ingekuwa nayo.

"Nimekusamehe," alisema. "Nasema mbele ya Mungu ili nisije nikageuka. Ulikuwa mtoto, na sheria ilikuwa yangu. Nimekusamehe yule binti, na nimekusamehe usingizi wangu. Lakini usije tena, mwanangu. Sitaki kukuona."

Alimwita mpwa wake kwa kugonga kigoda, akaomba apelekwe kitandani. Mimi na yule mpwa tulimshika kila mmoja upande wake, na alikubali mkono wangu mpaka mlangoni, kisha akauachia. Tulipokuwa tunakusanya maganda ya korosho barazani tulisikia ameshaanza kukoroma. Mpwa alisimama na ungo wake mkononi, akasikiliza, akanitazama kwa furaha ambayo sikujua niiweke wapi.

Alinifungia muhogo mkavu na korosho za kupelekea watoto, akanisindikiza mpaka kwenye bodaboda. "Rudi upesi, dada," aliniambia. "Umeona mwenyewe ulivyomfaa."

Nikamwambia nitarudi.